Kinga ya Mtoto Ina Gharama Yake

Mhadhara kwa wakazi wa Takaungu, Kaunti ya Kilifi



Nilipoombwa nije nizungumze juu ya watoto wanaoumizwa na wanaotelekezwa, nilikubali kwa sharti moja, nizungumze juu ya pesa. Mawaidha ya malezi tumeyasikia misikitini, makanisani, harusini na matangani. Lisilosemwa ni hili: mtu anayepita nyumba kwa nyumba kumtazama mtoto kabla hajadhurika, nani amlipa? Nauli yake yatoka wapi? Akiletewa habari mbaya usiku, salio la kupiga simu analipata kwa nani? Hayo ndiyo maswali yangu ya leo, na sitaondoka hapa kabla ya kutaja shilingi ngapi.

Twasema mkono mmoja haulei mwana. Ni maneno ya kweli, nami nayaamini. Lakini yametumika vibaya. Serikali ikikosa kutenga pesa husema ulinzi wa mtoto ni kazi ya jamii, kisha ikaishia hapo. Waliosema methali ile hawakusema mikono mingine yote ifanye kazi bure, wala hawakuitoa serikali katika hesabu ya mikono.

Tuanzie hapa hapa, maana mji huu una somo lake katika jambo hili. Watu wa ukoo wa Mazrui walihamia Takaungu baada ya Sultani Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, na katika karne ile mji ukawa na mashamba makubwa ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Miaka ya 1880 ikaingia njaa kali kwa jirani zetu Wamijikenda. Baba na mama walishuka kuja miji ya pwani, wakaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka, kwa ahadi ya kuja kuwakomboa mvua zikirudi. Wako waliokombolewa. Wako ambao hawakurudi kwao tena, rehani ikageuka utumwa. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika nchi hii mpaka mwaka 1907.

Siitaji habari hii ili kumwaibisha mtu wa ukoo wowote. Naitaja kwa sababu wazazi wale hawakuwa makatili. Walikuwa na watoto wanne, watano, chakula hakuna, wakapiga hesabu kwamba mmoja akiwekwa rehani huenda akala, na nafaka itakayopatikana itawaponya waliobaki. Hakukuwa na mlango hata mmoja wa umma wa kugonga, ambako mtu angepewa chakula bila kuacha mtoto. Leo rehani hakuna. Lakini ukame wa 2020 hadi 2023 ulipopiga Ganze, Magarini na bara yote ya kaunti yetu, kuna mzazi aliyemtoa binti shule akampeleka mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu asiowajua, na kuna aliyenyamaza msichana wa miaka kumi na minne alipoanza kurudi na pesa za mwenye boda boda. Ukiwauliza, watakupa hesabu ile ile ya miaka ya 1880.

Kwa hiyo kinga ya kwanza dhidi ya ukatili na utelekezaji ni kuhakikisha kwamba mzazi hafiki pale pa kumtoa mtoto ili nyumba ipate kula. Na serikali yetu yalijua hili, kwa kuwa ilikwisha kulijaribu ikaona faida. Mwaka 2004 ilianza kutoa pesa taslimu kwa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hatari. Ilianza na familia 500 tu, katika Kwale, Garissa na Nairobi, shilingi 500 kwa mwezi. Baadaye mpango ukaenea nchi nzima, kiwango kikafika shilingi 2,000 kwa mwezi, na sasa twaujua kama sehemu ya Inua Jamii.

Tazameni kilichoonekana. Watafiti walilinganisha familia zilizokuwa zikipokea na zile ambazo hazijafikiwa, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo: vijana wa familia zilizopokea walichelewa kuanza mambo ya mapenzi, uwezekano wa kuyaanza ukiwa umepungua kwa karibu theluthi moja. Hakuna aliyewakalisha chini kuwafunza habari hiyo. Pesa hazikuwa na sharti lolote la tabia. Nyumba ilipata unga, sare na daftari, msichana akabaki darasani, na yule mtu mzima aliyekuwa akimngojea njiani na noti ya mia mbili akakosa la kumpa. Kwale, jirani zetu kabisa, walikuwa ndani ya utafiti huo.

Nasema hivi kwa masikitiko: kiwango cha shilingi 2,000 kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga, mafuta na sabuni ikipanda kila mwaka. Malipo nayo huchelewa, mara miezi miwili, mara zaidi, na nyanya anayelea wajukuu hukopa dukani kwa kutegemea pesa ambazo hajui zitaingia lini. Pesa ya kinga inayochelewa hupoteza nusu ya kazi yake, kwani njaa haingoji malipo.

Pesa za familia peke yake hazitoshi. Kuna nyumba zenye chakula ambamo mtoto anapigwa mpaka anazirai, na kuna mjomba mwenye heshima zake ambaye watoto wote wa ukoo wanamwogopa kwa sababu wasiyoisema. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa pili, yule anayeingia nyumbani.

Hebu tumwangalie mtu huyo. Katika nchi yetu idara ya watoto ina maafisa wachache mno kwa eneo wanalolisimamia, kwa hiyo kazi ya vijijini imewaangukia watu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto. Wengi wao ni wanawake. Mmoja akisikia kwamba mtoto fulani haonekani shule, huenda mwenyewe kwa miguu. Akiona alama mwilini, amjulishe mzee wa mtaa, kisha naibu wa chifu, kisha ofisi ya watoto. Ofisi za kaunti ziko Kilifi mjini, ng'ambo ya daraja. Kutoka hapa Takaungu mtu apande boda boda mpaka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, kisha apande matatu. Mtoto akiwa amenajisiwa, pana hospitali, pana kituo cha polisi, pana fomu ya P3, pana kwenda na kurudi mahakamani miezi kwa miezi. Nauli ya yote hayo hutoka mfukoni mwa mama ambaye mwenyewe anauza maandazi. Kisha twashangaa kwamba kesi humalizwa nyumbani, kwa kikao cha wazee wa pande mbili na mbuzi au shilingi elfu kadhaa, mtoto akabaki jirani na aliyemdhuru. Ukimfanya mtetezi wa mtoto akose nauli, umemrahisishia kazi mhalifu.

Ninaifahamu dhana kwamba shida hii yaletwa na wageni wa hoteli. Mwaka 2006 serikali na UNICEF walitoa ripoti juu ya unyonyaji wa watoto kingono katika Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Ilikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 waliokuwa wakijiuza mara kwa mara au kwa nadra. Waitaliano walikuwa asilimia 18 ya wateja, Wajerumani 14, Waswisi 12. Lakini kundi kubwa kuliko yote, asilimia 38, lilikuwa la Wakenya wenyewe. Polisi wa utalii hawezi kuwa dawa ya jambo ambalo kwa sehemu kubwa hivyo lafanywa na watu tunaowapa mkono baada ya swala na baada ya ibada.

Wala sisemi hakuna kilichobadilika. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto ulifanywa mwaka 2010, ukarudiwa 2019. Mara ya kwanza, kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, karibu wanawake 32 katika kila 100 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wanaume karibu 18 katika 100. Mara ya pili hesabu ilikuwa karibu 16 kwa wanawake na 6 kwa wanaume. Imeshuka takriban nusu na zaidi. Katikati hapo Katiba ya 2010 ilianza kazi, simu ya bure ya watoto, 116, ikajulikana, sheria ya makosa ya kingono ya 2006 ikazoeleka, wasichana wengi wakabaki shule, na pesa za familia zikaenea. Siwezi kuligawa fungu la sifa kati ya hayo. Ninachojua ni kwamba anayesema ukatili ni desturi isiyoondoka hana hoja mbele ya hesabu hizi.

Sasa nije Shakahola. Ni ndani ya kaunti yetu, na ni aibu yetu sote, kwa hiyo sitaipita.

Mwaka 2017 mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa Malindi kwa mambo yaliyohusu mafundisho ya itikadi kali na kuendesha elimu isiyosajiliwa, na watoto waliondolewa katika eneo la kanisa lake. Mwaka 2019 akakamatwa tena. Machi 2023 akakamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliosemekana kufa kwa njaa, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Aprili mwaka ule ule makaburi yakaanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili iliyotolewa ikazidi 400. Mwanzoni mwa 2024 yeye na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, mashtaka waliyoyakanusha. Hukumu ya kesi ni ya mahakama, si yangu. Lakini kamati ya Seneti iliyotoa ripoti yake 2023, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliyotoa yake 2024, zote zilieleza kwamba dalili zilikuwepo, taarifa zilifika, na vyombo vya dola vikazembea.

Watoto hawatoweki kimya. Mwalimu huona dawati tupu. Bibi huona mjukuu haletwi tena sikukuu. Mwenye duka huona familia imeuza vyombo na haikuaga. Shakahola hapakukosekana macho. Palikosekana mtu ambaye kazi yake, kazi ya kulipwa na ya kuulizwa, ni kupokea habari ndogo ndogo kama hizo, kuziunganisha, na kurudi tena wiki inayofuata kuuliza zimefikia wapi. Haikuwa kazi ya mtu, basi haikufanywa.

Na pesa zilipatikana baadaye. Zilipatikana za helikopta, za wafukuzi wa makaburi, za wataalamu wa maiti, za vipimo vya vinasaba, za mawakili wa serikali, za kuwatunza walionusurika. Hakuna aliyesema bajeti haitoshi. Serikali yetu, kama serikali nyingi, hulipa bila kusita mtoto akishakufa au akishaharibika, na husitasita akiwa bado mzima.

Nchi nyingine zilipita njia hii, na baadhi zilifika mahali pa kujifunza. Marekani ilipitisha sheria ya kitaifa ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto mwaka 1974. Ndani ya sheria hiyo leo limo fungu maalumu kwa ajili ya mipango ya kijamii ya kinga: pesa hutoka serikali kuu, kila jimbo huteua chombo kimoja cha kuzipokea, na chombo hicho huzigawa kwa vikundi vya mitaani vinavyosaidia wazazi kabla hakijaharibika kitu. Jimbo la Kansas lilifanya la ziada mwaka 1980, likaanzisha mfuko wa watoto unaojazwa kwa ada ndogo juu ya vyeti vya ndoa. Kila wanaooana huchangia watoto watakaozaliwa. Hilo si geni kwetu sisi tunaojua wakfu ni nini, mali inayofungwa ili faida yake iende kwa wahitaji mwaka hadi mwaka bila kuombwa upya. Majimbo mengine yakafuata.

Huko huko Marekani, katika mji wa Elmira, jimbo la New York, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wauguzi walipelekwa majumbani kwa mama wachanga maskini, tangu mimba mpaka mtoto anapofika miaka miwili. Muuguzi hakwenda kupeleleza. Alikwenda kumfunza mama kunyonyesha, kumtuliza mtoto anayelia usiku kucha, kupanga maisha yake. Miaka kumi na mitano baadaye familia zile zilikuwa na kesi zilizothibitishwa za ukatili na utelekezaji pungufu kwa karibu nusu kuliko wenzao ambao hawakutembelewa.

Uganda, jirani zetu, wamefanya jambo ambalo walimu waliopo hapa ningependa walisikilize. Katika wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 ziliingia katika majaribio kati ya 2012 na 2014. Nusu zilipewa mpango wa shule nzima wa kubadili namna ya kuadhibu na kuzungumza na watoto. Katika shule hizo uwezekano wa mtoto kupigwa na mwalimu ulipungua kwa asilimia 42. Haukwisha, ulipungua. Kwetu kiboko shuleni kilipigwa marufuku mwaka 2001, na sote twajua bado kipo. Marufuku bila mafunzo ya kumwonyesha mwalimu wa watoto sabini afanye nini badala yake imebaki karatasi, na mafunzo yana gharama.

Basi, sheria yetu yasemaje? Kifungu cha 53 cha Katiba chasema kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya ukatili, utelekezaji, mila zinazodhuru na kazi za kumnyonya, na chasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imeunda kamati za ushauri wa watoto mpaka mashinani, na imeanzisha Mfuko wa Ustawi wa Watoto. Mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwaondoa watoto katika makao na kuwarudisha kwa familia na jamii. Mkakati huo naunga mkono kwa moyo wote. Pwani yetu, kutoka Mtwapa hadi Malindi, imejaa makao ya watoto yaliyojengwa kwa pesa za wahisani wa ng'ambo, na wengi wa watoto waliomo wana mzazi au jamaa aliye hai. Pesa za kumlea mtoto mmoja mle ndani zingewasaidia ndugu watatu wakabaki kwa nyanya yao. Lakini mtoto akirudishwa nyumbani pasipo mtu wa kumfuatilia wala shilingi ya kumsaidia huyo nyanya, tumehamisha hatari tu.

Na wahisani wenyewe hawadumu. Miaka mingi kazi ya mayatima na watoto walio hatarini katika kaunti hii ililipiwa kwa sehemu kubwa na pesa za Marekani, kupitia miradi ya ukimwi. Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa amri ya siku moja. Wafanyakazi waliokuwa wakitembelea nyumba wakaambiwa wakae kwao. Siwalaumu Wamarekani, pesa ni zao. Nailaumu nchi inayoacha ulinzi wa watoto wake utegemee uchaguzi wa nchi nyingine.

Najua jibu litakalotolewa Kilifi mjini. Watatuambia kwamba ulinzi wa watoto ni kazi ya serikali ya kitaifa, na kaunti imepewa chekechea, malezi ya mchana na afya. Jibu hilo ni nusu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali ya kitaifa na nusu kaunti. Hawa huingia nyumbani kila mwezi. Humpima mtoto uzito, huuliza habari ya mama mjamzito. Kama serikali mbili ziliweza kugawana posho kwa ajili ya afya, zaweza kugawana kwa ajili ya usalama wa mtoto yule yule, katika nyumba ile ile.

Hesabu yangu ni hii. Kilifi ina wadi 35 na, kwa hesabu ya watu ya 2019, wakazi 1,453,787, karibu nusu yao watoto. Tuweke watu wawili wa ulinzi wa watoto kila wadi, jumla 70, wenye posho sawa na ya mhudumu wa afya, 5,000. Hiyo ni shilingi 350,000 kwa mwezi, milioni 4.2 kwa mwaka. Tuongeze kiasi kingine kama hicho kwa nauli, salio na mafunzo, yawe milioni 8.4. Mgao wa kaunti yetu kutoka hazina ya taifa ni zaidi ya bilioni 11 kwa mwaka. Shilingi moja katika kila elfu ya mgao huo ni zaidi ya milioni 11. Yaani shilingi moja tu katika elfu yatosha kuwalipa watu wote hao, na kubaki zaidi ya milioni mbili za dharura: godoro la mtoto aliyeokolewa usiku, gari la kwenda hospitali, chakula cha wiki mbili kwa nyumba iliyofilisika. Watu 70 ni wachache, nakubali. Ni mwanzo, na ni mwanzo ambao hakuna kiongozi anayeweza kusimama hapa akatuambia haumudu.

Wako wazee watakaosema kulipa kutaua moyo wa kujitolea. Naheshimu wasiwasi huo. Lakini mwalimu wa chuo cha Kurani hupewa ada yake na hakuna aliyesema amepoteza ikhlasi. Mkunga wetu wa zamani alipewa kanga na nazi na sukari, ikawa ni shukrani na ni riziki. Kinachoua moyo ni kuchoka. Mama aliyefuatilia kesi mbili kwa pesa zake mwenyewe hatafuatilia ya tatu, na mtoto wa tatu ndiye atakayelipa.

Wako pia watakaosema pesa zitaliwa. Huo wasiwasi ni wa haki, na dawa yake ni kufanya fungu hili liwe jepesi kuonekana. Majina ya waliochaguliwa yabandikwe ofisi ya chifu, msikitini, kanisani na pale bandani pa wavuvi. Kiasi kilichopokewa kiandikwe hapo hapo kila robo ya mwaka. Majina ya watoto na habari zao, hayo yasibandikwe popote wala yasisemwe barazani. Wachaguliwe mbele ya watu, angalau mmoja awe mwanamke, na asichaguliwe mtu yeyote kwa sababu alimfanyia mwanasiasa kampeni. Mtu aliyewahi kusimamia kikao cha kumaliza kesi ya mtoto nyumbani asikubaliwe hata kidogo.

Jambo la mwisho ni kalenda, kwa sababu ombi jema likifika baada ya wakati ni kama halikufika. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 yaitaka kaunti itoe mpango wake wa mwaka kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Katika hatua hizo sheria yadai maoni ya umma yasikilizwe. Vikao hivyo huitwa, na mara nyingi wanaohudhuria ni wale wale wachache, wanaozungumzia barabara na visima. Barabara na visima ni muhimu. Lakini sijawahi kusoma katika Katiba kwamba barabara ina haki ya kutodhulumiwa.

Nawaomba, basi, kabla hatujatawanyika tuchague watu watano: mwalimu wa shule, mwalimu wa chuo, mama wa kujitolea, mvuvi na kijana mmoja. Waandike ombi la ukurasa mmoja, lenye kiasi na mahali pa kukitumia, wampe mwakilishi wa wadi yetu na nakala kwa mbunge, na waende nalo katika kikao cha bajeti kinachokuja. Sisi wengine tuwasindikize, tukakae kikaoni mpaka ombi lisomwe na majibu yaandikwe. Na mtu mwenye habari ya mtoto aliye hatarini leo hii asingoje bajeti, apige 116, ni bure.